Beki wa Kushoto na Kivuli cha Jukwaa

Katika mji wetu wa Tanga wako watu wanaoujua mpira, wako wanaoupenda bila kuujua, na iko kamati ya usajili. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Niliingizwa humo kwa sababu isiyohusiana hata kidogo na mchezo wenyewe: mwenyekiti wa klabu, mwenye mashamba ya minazi na mtu wa nasaba ndefu, alitaka kikao chake kiwe na mtu mmoja aliyesoma, kama sebule yake ilivyokuwa na kabati la vitabu lisilofunguliwa. Kazi yangu ya umri wote imekuwa kusoma maandishi ya kale ya pwani hii, ya karatasini na ya makaburini, na kulinganisha nakala kwa nakala. Mwenyekiti alidhani mtu wa namna hiyo atanyamaza vikaoni. Alinikadiria vibaya, lakini hakupata hasara yoyote, kwani nilisema sana na sikusikilizwa.

Kocha wa timu alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alikuwa mwalimu wa sekondari upande wa Muheza, akaiacha kazi ya serikali ili aifundishe klabu yetu, jambo ambalo mama yake alilipokea kama taarifa ya msiba. Mwenyekiti alimpa sharti moja, na alilitamka mbele yangu bila kupepesa macho: msimu huu timu ipande daraja, la sivyo yeye afunge virago. Mpwa wangu alikubali kwa sababu alikuwa ameitazama timu akaona kwamba inawezekana. Hakuwa ameitazama kamati.

Nieleze kwanza jinsi timu ile ilivyocheza katika nusu ya mwanzo ya msimu, maana bila hilo upumbavu uliofuata hautaonekana ukubwa wake.

Tulikuwa na beki wa kushoto kutoka Moa, kule karibu na mpaka, mtu mfupi, mkimya, mwenye mke na watoto, ambaye siku zisizo na mazoezi aliendesha bodaboda. Alikuwa amezaliwa mashoto. Sisi tuliolelewa kula, kupokea na kusalimia kwa mkono wa kulia tuna dharau fulani ya siri kwa upande wa kushoto, na nadhani dharau hiyo ilichangia katika yaliyompata. Lakini uwanjani mguu wake ulikuwa neema. Alipopokea mpira kando ya mstari, mguu wake wa kazi ulikuwa upande wa nje, kifua chake kikiuelekea uwanja mzima, na kwa hiyo hakuhitaji kugeuka ndipo aone. Winga aliyekuwa mbele yake alijua hivyo, akaingia ndani kuelekea golini na kumvuta beki wa wapinzani amfuate. Njia ya pembeni ikabaki wazi. Mtu wa Moa akapanda nayo mpaka mwisho akapiga krosi, na wakati huo kiungo mkabaji alikuwa amekwisha kushuka kuziba pengo aliloliacha. Beki wa kulia, mchezaji mkongwe ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kustaafu kabla yake, alibaki nyuma bila kuaibika, kwa kuwa mpango haukumtaka apande. Mguu mmoja wa mtu mmoja ulikuwa umeigawia kazi nusu ya timu.

Katika vitabu ninavyovisoma kuna kitu kiitwacho hashiya, yaani maelezo yanayoandikwa pambizoni mwa ukurasa. Msomaji mvivu hudhani ni mapambo. Ukiyafuta, matini ya katikati bado ipo, herufi zote zimetimia, ila hakuna tena anayejua inasema nini. Beki wa pembeni ni hashiya ya timu, na kamati yetu ilikuwa imejaa wasomaji wavivu.

Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa tulikuwa tunaongoza ligi. Mtu mwenye akili timamu angelifunga dirisha hilo kwa msumari. Sisi tulikuwa na mfadhili. Alikuwa mfanyabiashara wa saruji na marumaru, na watu wote wa klabu, wakubwa na wadogo, walimwita Tajiri, kwa sauti ile ile ambayo watu wengine hutumia kumwita imamu. Tajiri alikuwa amepata winga kutoka Dar es Salaam. Alimwona kwenye simu, katika kipande cha video kifupi kuliko dua ya kuingia msalani, na akaridhika.

Tulikaa barazani kwa mwenyekiti Ijumaa baada ya alasiri, kahawa ikizunguka na sahani ya halua katikati. Mpwa wangu aliitwa atoe maoni, kwa maana ya kuambiwa yaliyokwisha kuamuliwa.

“Nafasi zimejaa, wazee wangu,” alisema. “Tukimwingiza huyu, lazima tumwache mmoja.”

“Basi tumwache mmoja,” mwenyekiti akasema, akinyoosha mkono kwenye halua. “Nani hana kazi?”

“Asiyefunga magoli,” akadakia Tajiri. “Huyo namba tatu wenu, tangu ligi ianze kafunga goli gani? Nitajieni moja.”

“Hakuwekwa afunge, mzee. Kawekwa...”

“Beki tatu!” Tajiri alipiga paja. “Beki tatu wangu mimi yuko nyumbani saa hizi anasugua masufuria. Na wala hajasajiliwa na mtu!”

Baraza zima likaangua kicheko, kwa kuwa siku hizi mjini jina hilo wamepewa wafanyakazi wa ndani. Niliangalia watu wazima wakifuta machozi kwa kanzu zao. Mpwa wangu alingoja mpaka walipomaliza, akaanza kueleza, taratibu, kama alivyokuwa akieleza darasani: kwamba mtu huyu akiondoka winga hatapata tena nafasi ya kuingia ndani, kwamba kiungo atavutwa pembeni, kwamba beki wa kulia atalazimika kupanda na magoti yake hayapandi.

“Wote wanamtegemea yeye?” mwenyekiti akauliza. “Huyo ni beki au nguzo ya umeme?”

Wakacheka tena. Nikaomba nafasi ya kusema.

“Sema, Maalim,” mwenyekiti akanijibu, “lakini tafadhali usitupeleke Tongoni.”

Alikusudia makaburi ya kale, na wenzake walimwelewa. Nilisema hata hivyo. Nilisema kwamba timu inayoongoza haina haja ya kununua kitu cha kuonyesha; ina haja ya kutokipoteza kile inachokitumia. Nilisema kwamba winga hodari akikosa beki wa kumsukuma mbele ni sawa na pazia zuri lililotundikwa pasipo dirisha. Tajiri alinisikiliza kwa upole wa mtu anayesubiri mvua ipite, kisha akasema, “Maalim, mpira hauchezwi kwa kitabu.” Sikuwa nimetaja kitabu chochote.

Ikabaki swali la nani atacheza upande wa kushoto. Mwenyekiti alilimaliza bila kuteremsha kikombe: achukuliwe mmoja wa mabeki wa kati, yule mrefu. Mpwa wangu akasema kwamba yule anatumia mguu wa kulia. “Beki ni beki,” mwenyekiti akajibu, na hiyo ndiyo elimu yote ya ulinzi iliyopata kutolewa barazani pale.

Mtu wa Moa alipita kwangu kuaga. Alisimamisha pikipiki chini ya dirisha, akapanda ngazi, akasema shikamoo, akakaa kwenye ncha ya kiti.

“Nimeambiwa nipumzike, Maalim,” alisema. “Mie sijachoka.”

“Wanaokupumzisha ndio waliochoka,” nilimwambia. “Wamechoka kushinda.”

Alitabasamu kidogo, akanywa chai, akaondoka. Haikupita muda tukasikia kwamba amechukuliwa na timu ya mashamba ya mkonge, iliyokuwa nafasi ya pili nyuma yetu. Viongozi wao walikuwa wanyapara na makarani, watu wa kanisani na bustani za mchicha, wasio na jukwaa wala tajiri. Katika dirisha lile walisajili mchezaji huyo peke yake. Walikuwa wamejiuliza wanakosa nini, swali ambalo kwetu lingeonekana la utovu wa adabu.

Winga akaja. Alipokelewa stendi kwa msafara wa bodaboda na tarumbeta, akazungushwa mjini amesimama juu ya gari la saruji, akiwa na viatu vya rangi ya ndimu shingoni. Nisimdhulumu: alikuwa na mbio za kweli, na mpira ulimtii. Angeweza kuwa mchezaji. Kwa bahati mbaya alikuja kwetu akiwa zawadi.

Na hapa lazima nieleze desturi. Kwetu zawadi ya harusi haifichwi. Hutangazwa, aliyeileta hutajwa kwa jina na kwa ukoo, kisha huzungushwa ukumbini hadi kila jicho lishibe. Desturi hiyo ni njema kwa masufuria na mashuka. Tajiri aliihamishia uwanjani. Uwanja wetu una jukwaa moja lenye paa, upande wa magharibi, ambako saa kumi jioni kuna kivuli. Upande wa pili ni mzunguko, ngazi za saruji zisizo na paa, ambako wenye tiketi za bei nafuu hukaa wakitazamana na jua. Tajiri na wageni wake hukaa kivulini. Baada ya mchezo wa kwanza alimwita mpwa wangu akamweleza kwamba kipindi cha kwanza amefurahi, kwa kuwa mchezaji wake alikimbia mbele yake. Lakini kipindi cha pili hakumwona vizuri. Mpwa wangu akamfahamisha kwamba timu hubadilishana magoli, kwa hiyo winga wa kushoto aliyekuwa karibu na jukwaa huenda upande wa mbali.

“Naelewa,” Tajiri alisema. “Basi kipindi cha pili acheze kulia.”

Mpwa wangu alinipigia simu usiku huo huo. “Mjomba,” alisema, “hii ni timu au harusi? Maana bwana anataka bibi harusi azungushwe mbele ya wageni.”

Nilimshauri akatae. Alikataa, mwenyekiti akamkumbusha sharti lake la ajira, na amri ikapita. Tangu siku hiyo winga alicheza upande wa kivuli katika vipindi vyote viwili. Wa kwanza kupoteza maana alikuwa kocha, kwa sababu hakuweza tena kujua mapema nani ataanza wapi: ilibidi angoje mwamuzi arushe sarafu, manahodha wachague magoli, ndipo aambie mabeki wake nani atakuwa mbele ya nani. Ugenini, kwenye viwanja visivyo na jukwaa, mambo yalikuwa ya aibu zaidi. Tajiri alisafiri na kiti chake cha plastiki. Kiti kikiwekwa chini ya mkorosho upande huu, winga alihamia upande huu. Nimesoma habari za majeshi yaliyofuata bendera, yaliyofuata nyota na yaliyofuata ndoto za wafalme. Timu iliyofuata kiti sikuwahi kuisoma popote.

Mabeki ndio waliolipa gharama yake. Beki wa pembeni huishi kwa mazoea na mtu aliye mbele yake: anajua atarudi kumsaidia au hatarudi, atakimbilia nje au ndani, atautaka mpira miguuni au mbele. Mabeki wetu walipewa jirani mpya kila baada ya mapumziko. Mkongwe wa kulia, ambaye zamani alikaa nyuma kwa heshima yake, sasa katika kila mchezo alikuwa na kipindi kizima cha kubaki peke yake, kwa sababu zawadi haikurudi nyuma kukaba. Kukaba hakupendezi ukikutazama kutoka juu. Kushoto alikuwa yule mrefu mwenye mguu wa kulia. Kila alipopokea mpira kando ya mstari ilimbidi ageuke ndani autafute mguu wake, na ndani ndimo walimokuwa wapinzani. Alikuwa kama mtu anayefungua mlango kwa mkono ulioshika mtungi. Haikuchukua muda kila timu ikawa imelijua hilo: zilimwacha apokee mpira, zikamngoja ageuke.

Tukaanza kutoka sare, kisha kufungwa. Wa mzunguko, ambao walikuwa wakiunguzwa na jua na kwa hiyo wakiona vizuri, waliligundua jambo kabla ya kamati. Kila winga alipovuka uwanja baada ya mapumziko kufuata upande wake, walipiga miluzi.

“Winga wa kivulini!”

“Mpeni mwamvuli huyo, asije akaungua!”

“Kocha, tuletee na sisi huku! Sisi hatukulipa?”

Kamati nayo ilitafuta dawa. Ilikaa, ikatafakari, ikaamua kwamba tatizo ni lango la wachezaji, ambalo mtu fulani mwenye husuda amelichezea. Kwa michezo kadhaa timu yetu iliingia uwanjani kwa kupanda ukuta wa nyuma, pamoja na yule mkongwe na magoti yake. Nilipohoji kama ukuta huo unaweza kumfundisha mtu kutumia mguu wa kushoto, niliambiwa kwamba mambo mengine si ya kisomi.

Tulifika mchezo wa mwisho tukiwa bado juu, kwa akiba tuliyoiweka kabla ya dirisha kufunguliwa. Wageni wetu walikuwa timu ya mkonge. Sare ilitutosha kupanda daraja; wao walihitaji ushindi. Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta mpwa wangu nyumbani kwa mama yake, amekaa uani na vifuniko vya chupa mezani, akivisogeza. Dada yangu alikuwa jikoni, anatwanga viungo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

“Tazama, Mjomba,” aliniambia. “Wetu akianza kushoto, anakutana na beki wao wa kulia. Yule ni mzito, atamsumbua. Lakini akihamia kulia kipindi cha pili, nani yuko pale?”

Sikuhitaji vifuniko kulijua hilo. Pale alikuwa mtu wa Moa.

“Basi asihame,” nilisema.

“Leo hahami.”

“Na Tajiri?”

“Tajiri atatumia darubini.”

Kutoka jikoni dada yangu akasema, “Na ukifukuzwa usije ukaniletea vifuniko hapa.” Ndivyo alivyomtakia mwanawe heri.

Sarafu ilituangukia vizuri: kipindi cha kwanza upande wetu wa kushoto ukawa ndio upande wa jukwaa. Winga alimkimbiza yule beki mzito kama alivyotabiriwa, na kabla ya mapumziko akampita, akatoa krosi, tukafunga. Jukwaani watu walisimama. Tajiri alipewa mikono kana kwamba yeye ndiye aliyekimbia. Mwenyekiti aliniinamia akaninong'oneza, “Umeona, Maalim?” Niliona. Nilikuwa natazama upande wa mbali, ambako mtu wa Moa alikuwa amekwisha kupanda mara kadhaa kwenye uwazi alimoachwa mkongwe wetu peke yake, na mara zote wenzake walikuwa wamechelewa kumfuata.

Yaliyosemwa chumbani wakati wa mapumziko niliyapata baadaye kwa mpwa wangu. Aliwaambia wachezaji kwamba hakuna kuhama: winga abaki kushoto, yaani upande wa mzunguko, juani, arudi kumsaidia yule mrefu, tumlinde mkongwe, goli moja linatutosha. Wote waliitikia. Winga naye aliitikia.

Walipotoka nilimwona amesimama kushoto, mahali pake. Mpira ukaanza. Tajiri akasimama kwenye ngazi ya chini ya jukwaa, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama ng'ambo kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Alisimama tu mahali anapoonekana. Na yule kijana, ambaye tiketi yake, chumba chake na viatu vyake vya ndimu vilitoka mfukoni mwa mtu huyu, alianza kusogea: kwanza katikati, kama anayetafuta mpira, kisha zaidi, hatimaye akawa kulia kabisa, mbele ya jukwaa, ambako tayari alikuwepo winga wetu mwingine. Mawinga wawili wakasimama mahali pa mmoja. Ng'ambo ya pili hapakuwa na mtu isipokuwa yule beki mrefu na kivuli chake mwenyewe.

“Rudi!” mpwa wangu alipiga kelele. “Rudi kwako!”

Winga alinyoosha kidole gumba, maana yake amesikia. Hakurudi. Simlaumu sana. Kocha alimpangia mahali pa kusimama, lakini mwenye kumlisha alikuwa amesimama mahali pengine, na yeye alifuata chakula.

Timu ya mkonge iliona pengo kwa macho makavu. Wakauhamishia mpira kwenye upande ulioachwa, watu wawili wakamwendea yule mrefu, akageuka ndani kuutafuta mguu wake, wakamnyang'anya, wakasawazisha. Sare bado ilitutosha. Mpwa wangu akamwita mchezaji wa akiba na kumwonyesha mwamuzi wa pembeni kwamba winga anatoka. Hapo mwenyekiti wetu alifanya jambo ambalo sikulitarajia hata kwake: aliteremka jukwaani, pindo la kanzu mkononi, akaenda kukaa kwenye benchi la wachezaji.

“Huyu hatoki,” alisema.

“Mzee, tunahitaji beki.”

“Umepewa mtu, utamrudishaje mbele za watu? Utamvunjia heshima.”

“Mzee, daraja...”

“Heshima kwanza, mwanangu. Daraja tutalitafuta.”

Wakati wakibishana hivyo, mpira ulimfikia winga, mbele ya jukwaa, mahali hasa alipotakiwa aonekane. Alimkabili mtu wa Moa. Akamfanyia chenga zile zote za kwenye simu. Mtu wa Moa hakurukia hata moja. Alirudi hatua, akarudi tena, akiitazama miguu na si mikogo, mpaka winga alipomaliza alichokuwa nacho na kuusukuma mpira mbele kidogo kupita kiasi. Akauchukua kwa mguu wake wa nje, kifua wazi, uwanja wote ukiwa mbele yake. Hakukuwa na wa kumfuata, maana aliyepaswa kumfuata alikuwa amekwisha kuweka mikono kiunoni. Mkongwe wetu alitoka kumzuia kwa ushujaa ambao sitausahau, na alipitwa. Krosi ikapigwa. Wakafunga la pili, wageni wa jukwaani wakiwa wameona kila kitu kwa ukaribu mkubwa na bila jua machoni.

Hatukurudisha. Timu ya mkonge ikapanda daraja, wakaondoka na lori lao wakiimba nyimbo za kwaya. Mtu wa Moa alipita kwetu kabla hawajaondoka, akampa mpwa wangu mkono, akamwambia, “Pole, mwalimu.” Mzunguko haukumtukana kocha, walikuwa wameona. Jukwaani walimtukana sana.

Siku ya pili alasiri aliitwa barazani. Shule aliyoiacha ilikuwa imekwisha kupata mwalimu mwingine. Hilo kila aliyekaa pale alilijua, na mwenyekiti alilitaja mwenyewe kwa masikitiko, kama jambo lililoletwa na hali ya hewa. Mpwa wangu alisema shikamooni, wakaitikia marahaba, akaketi chini. Mwenyekiti alizungumza kwa kirefu juu ya kukubali majaaliwa. Alisema kocha ameshindwa kumtumia mchezaji mkubwa. Alisema kwamba nidhamu ya upangaji ilikuwa dhaifu, wachezaji wakihamahama ovyo. Alilisema hilo bila hata chembe ya haya, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa huzuni juu ya hao wanaohamahama.

“Hatukulaumu,” alimalizia. “Tunakuaga kwa wema.”

“Nashukuru, wazee wangu,” mpwa wangu akasema.

Tajiri, ambaye hakupenda kuona mtu anaondoka na huzuni, akamwinamia kumpa habari ya kumliwaza.

“Wala usiwe na wasiwasi na timu,” alisema. “Tumejifunza. Tumeona kwamba tatizo ni kushoto nyuma. Nimekwisha kupata beki, msimu ujao yupo. Anatoka Dar es Salaam. Mrefu, ana mwili, nywele kazipaka rangi ya dhahabu, ukimwona utampenda.”

Kwa mara ya kwanza siku ile mpwa wangu aliinua uso.

“Anatumia mguu gani, mzee?”

Tajiri alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akalitazama birika la kahawa.

“Tutamuuliza akifika,” Tajiri akasema.

Mpwa wangu akainamisha kichwa kwa adabu, akaomba ruhusa, akateremka ngazi kutafuta viatu vyake. Nasikia usajili wa beki huyo ulipita pale pale bila mjumbe hata mmoja kuupinga. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinuka kumfuata mtoto wa dada yangu.